Rufaa ya uhamiaji Kanada ikitangazwa kuwa imetelekezwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu rufaa zilizo mbele ya Kitengo cha Rufaa za Uhamiaji, ambacho ni sehemu ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi ya Kanada. Hapo ndipo wanapokwenda wadhamini waliokataliwa kuleta mume, mke, mtoto au mzazi, wakaazi wa kudumu waliopewa amri ya kuondolewa nchini, na wakaazi wa kudumu walioambiwa wakiwa nje kwamba hawakutimiza siku za kuishi Kanada. Aliyeomba hifadhi ya ukimbizi yuko kwenye vitengo vingine vya Bodi hiyohiyo, vyenye kanuni na siku zake, kwa hiyo asihesabu siku zake kwa kusoma hapa. Na haya ni maelezo ya jumla: kesi yenye amri ya kuondolewa nchini haiendeshwi kwa kusoma ukurasa mmoja.

Nimepitwa na tarehe. Je, rufaa yangu imeshakufa?

Kwanza jua ni tarehe ipi iliyokupita, maana watu huchanganya mambo matatu.

La kwanza ni kuchelewa kukata rufaa yenyewe, yaani taarifa ya rufaa haikufika Bodi kwa wakati. Hapo hakuna rufaa iliyotelekezwa, kwa sababu bado hakuna rufaa. Unaomba kuongezewa muda.

La pili ni rufaa iliyopo, lakini umekosa kitu ndani yake: hukujibu barua, hukutuma ushahidi, hukutokea siku ya kikao. Rufaa bado iko hai mpaka Bodi itamke vinginevyo. Hapa unaulizwa juu yako: kwa nini hukufanya, na je, bado unaitaka kesi yako?

La tatu ni pale Bodi imeshatamka kwamba rufaa imetelekezwa na faili limefungwa. Kuanzia siku hiyo swali linageuka. Haliulizi tena kama una sababu nzuri. Linauliza kama Bodi yenyewe ilikutendea haki ilipofunga.

Ukishika tofauti hiyo ya pili na ya tatu umeshika sehemu kubwa ya ukurasa huu. Wengi walioandikiwa kwamba rufaa imefungwa hukaa chini na kuandika kurasa nne za majuto: watoto waliugua, kazi ya usiku, simu iliibiwa. Yote yanaweza kuwa kweli, na mwezi mmoja nyuma pengine yangetosha. Baada ya kufungwa, ni jibu la swali ambalo halijaulizwa.

Muda wa kukata rufaa ni siku ngapi?

Mdhamini aliyekataliwa ana siku 30 tangu apokee sababu za kukataliwa. Aliyepewa amri ya kuondolewa nchini, naye siku 30. Aliyepewa uamuzi akiwa nje ya Kanada kuhusu siku za ukaazi ana siku 60. Kukata rufaa kwenye Kitengo hiki hakulipiwi ada.

Si kila mtu ana haki ya kukata rufaa hapa. Mkaazi wa kudumu aliyehukumiwa kifungo cha miezi 6 au zaidi nchini Kanada kwa kosa zito haingii, wala aliyeamuliwa kuwa haruhusiwi kuwa Kanada kwa sababu za usalama wa taifa, ukiukaji wa haki za binadamu au uhalifu wa kupangwa.

Nimechelewa kukata rufaa kwa wiki kadhaa. Wananipokea?

Inawezekana. Tuma taarifa ya rufaa pamoja na ombi la kuongezewa muda, vyote kwa pamoja, bila kusubiri kujibiwa kimoja kabla ya kingine. Kipimo kinachotumika kinatokana na kesi ya Hennelly ya mwaka 1999 katika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, nacho kina mambo manne: ulikuwa na nia ya kukata rufaa muda wote, rufaa yako ina uzito wowote, upande wa pili hauumizwi na kuchelewa kwako, na una maelezo ya kueleweka ya kuchelewa huko.

Linalowashinda watu ni lile la kwanza. Nia haiaminiki kwa kutamkwa tu. Ujumbe uliomwandikia mshauri ndani ya zile siku 30, barua pepe ya kuuliza fomu, miadi ya msaada wa kisheria iliyoahirishwa, hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba ulikuwa unahangaika. Na ueleze muda wote, hadi siku unayotuma. Ukieleza wiki mbili za kulazwa hospitali na kunyamaza kuhusu wiki tano zilizofuata, umejibu nusu.

Nani hutangaza rufaa kuwa imetelekezwa, na kwa msingi gani?

Ni Bodi yenyewe, kwa kifungu cha 168 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi. Kifungu kinaipa uwezo huo pale inapoona kwamba mhusika ameacha kutimiza wajibu wake katika kesi, na kinataja mifano mitatu: kutofika kwenye kikao, kutotoa taarifa iliyotakiwa, na kutowasiliana na Bodi baada ya kuombwa kufanya hivyo.

Neno la sheria ni kwamba Bodi "inaweza". Hailazimiki. Mahakama ya Shirikisho, katika kesi ya Ahamad ya mwaka 2000 iliyohusu mwombaji hifadhi, ilisema la kuangaliwa ni kama mwenendo wa mtu unaonyesha kwamba hana nia ya kuifuatilia kesi yake kwa bidii. Kosa moja la mtu ambaye siku zote amejibu barua na kufika si sawa na ukimya wa miezi minane. Kama faili lako linaonyesha bidii, liseme hilo wazi, kwa tarehe, usidhani msomaji atalichimbua mwenyewe.

Nimepata barua inayonitaka nieleze kwa nini rufaa isitangazwe kuwa imetelekezwa. Niandike nini?

Hii ndiyo barua yenye thamani kuliko zote utakazopata, ingawa inatisha. Upo bado kwenye hatua ya pili, ambapo sababu zako zinasikilizwa. Ijibu ndani ya siku iliyoandikwa, hata kama ushahidi wote haujakamilika. Sema kipi kinakuja na lini.

Jibu zuri lina sehemu mbili, na watu husahau ya pili. Sehemu ya kwanza ni kilichotokea: tarehe kwa tarehe, tukio gani lilikuzuia kufanya jambo gani. "Nilikuwa mgonjwa" haitoshi. Cheti cha daktari kiwe cha karibuni, kisomeke, kiwe na jina, anwani na saini ya daktari, na kieleze jinsi hali yako ilivyokuzuia kufika au kuandika siku ile. Daktari halazimiki kutaja jina la ugonjwa. Kinachotafutwa ni athari yake. Cheti kinachosema tu "alionekana kliniki tarehe fulani" hakisaidii kitu, na ni bora umrudie daktari kuliko kukituma hivyo.

Sehemu ya pili ni utayari wa kuendelea. Ile hati uliyoshindwa kuituma, itume pamoja na jibu. Kama ulikosa kikao, sema uko tayari kwa kikao kingine siku yoyote wanayopanga. Kama ulitakiwa kujaza fomu, ijaze sasa. Bodi ikiona maelezo marefu ya kwa nini fomu haikuja, na fomu yenyewe bado haimo kwenye bahasha, unadhani itaamini nini?

Nimekosa kikao leo hii. Nifanye nini kwanza?

Piga simu ofisi ya Bodi inayoshughulikia faili lako, kisha andika siku hiyohiyo ukitaja namba ya faili. Simu peke yake haiachi alama ya kutosha. Vikao vingi siku hizi hufanyika kwa video kupitia Microsoft Teams, na matatizo ya mtandao yanaeleweka, lakini yanahitaji kuonekana: piga picha ya skrini iliyokwama, hifadhi rekodi ya simu ulizopiga, andika saa uliyojaribu kuingia. Aliyeandika dakika kumi baada ya kukwama na aliyeandika wiki mbili baadaye hawatazamwi kwa jicho moja.

Walio nje ya Kanada waangalie pia saa. Saa iliyo kwenye wito ni ya ofisi ya Bodi. Mrufani aliye Goma au Mombasa asipoibadili anaingia kikaoni saa nyingi kabla hakijaanza, asimkute mtu.

Barua imesema rufaa imetelekezwa na faili limefungwa. Naweza kuomba ifunguliwe tena?

Ndiyo, lakini mlango ni mwembamba. Kifungu cha 71 cha Sheria hiyohiyo kinamruhusu mtu ambaye hajaondoka Kanada kwa amri ya kuondolewa aombe rufaa yake ifunguliwe upya, na Bodi inaweza kukubali ikiridhika kwamba ilishindwa kufuata kanuni ya haki asilia. Mwaka 2007, katika kesi ya Nazifpour, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilithibitisha kwamba msingi ndio huo tu. Hata ushahidi mpya na mzito hautoshi peke yake.

Haki asilia kwa maneno ya kawaida: uliambiwa? Ulipewa nafasi ya kusikilizwa? Ulielewa lugha? Aliyeamua hakuwa na upendeleo? Basi pitia faili lako ukiwa na maswali hayo mkononi. Wito ulitumwa anwani ya zamani ilhali ulishaipa Bodi mpya kwa maandishi? Ombi lako la kuahirisha lilifika kabla ya kikao na hakuna aliyelijibu? Ulituma maelezo kwa wakati na uamuzi umeandikwa kana kwamba hukutuma? Uliomba mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, akaletwa mtu msiyeelewana, ukalalamika palepale na kikao kikaendelea? Hizo ni hoja za kufungua upya.

Dalili kama hizo hazipatikani kwa kukumbuka. Omba nakala ya faili zima na rekodi ya sauti ya kikao, kisha linganisha tarehe za barua zilizotoka na zilizoingia. Ombi hili hushinda au hushindwa kwa karatasi.

Usikae nalo. Bodi huangalia uliomba baada ya muda gani tangu ujue, na ucheleweshaji usioelezeka unaharibu hata hoja nzuri.

Lakini mimi sikupata barua yoyote. Hiyo si dhuluma tosha?

Inategemea kosa ni la nani. Ni wajibu wa mrufani kuijulisha Bodi anapobadili anwani, simu au barua pepe, bila kuchelewa. Barua iliyotumwa kwenye anwani ya mwisho uliyoitoa inahesabiwa kuwa imetumwa sawasawa, hata kama ulihama miezi sita iliyopita na mpangaji mpya akaitupa.

Kuna mtego hapa unaowanasa watu waangalifu kabisa. Mtu anahama, anaingia kwenye akaunti yake ya Wizara ya Uhamiaji, anabadili anwani, anapumua. Bodi haijui lolote. Bodi ni chombo huru kinachojitegemea, Wizara ni kitu kingine, na Shirika la Huduma za Mipaka ni kitu cha tatu. Kubadili anwani sehemu moja hakufiki kwingine. Mbele ya Bodi, kwa kweli, Wizara au Shirika la Mipaka ndio upande wa pili wa kesi yako. Andikia wote, kila mmoja kwa njia yake, na uhifadhi uthibitisho wa kutuma.

Kama uliiandikia Bodi na una uthibitisho, kosa limehama upande, na ombi lako la kufungua upya lina mguu wa kusimamia.

Wakili wangu ndiye aliyezembea. Mimi nilimlipa na kumpa kila kitu.

Uzembe wa mwakilishi unaweza kuhesabiwa kama kukosekana kwa haki asilia, ila kwa nadra na kwa masharti matatu. Uonyeshe kwamba alichofanya au alichoacha kufanya ni uzembe wa wazi, na si mkakati uliokwenda vibaya. Uonyeshe kwamba bila uzembe huo matokeo yangeweza kuwa tofauti. Na mwakilishi huyo awe amepewa taarifa ya tuhuma na nafasi ya kujibu.

Sharti la tatu ndilo linaloangusha watu wengi kwa sababu ya aibu au woga. Kumsema mtu mbele ya Bodi bila yeye kujua hakukubaliwi. Mwandikie, eleza unachomtuhumu, mpe siku za kujibu, na uambatanishe barua hiyo na jibu lake au ukimya wake. Mahakama ya Shirikisho ina utaratibu wake kuhusu hili tangu mwaka 2014, na inautaka ufuatwe. Malalamiko kwenye chama cha mawakili cha jimbo, au kwenye Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia kama ni mshauri, yanaongeza uzito lakini hayachukui nafasi ya kumtaarifu mwenyewe.

Uanze na karatasi: mkataba wa kazi, risiti, ujumbe wa WhatsApp uliomuuliza "kesi imefikia wapi?" na hakujibu. Na ujue kwamba nawe utaulizwa. Mtu aliyekaa mwaka mzima bila kumuuliza mwakilishi wake neno lolote atapata taabu kusema alikuwa anaifuatilia kesi.

Kama "wakili" mwenyewe hakuwa na leseni, hayo ni mambo mengine kabisa, tazama chini.

Niende Mahakama ya Shirikisho au niombe Bodi ifungue upya?

Mara nyingi inabidi kuandaa vyote, kwa sababu ya siku. Kuomba mapitio ya mahakama dhidi ya uamuzi uliotolewa ndani ya Kanada kuna siku 15 tangu ujulishwe, na siku 60 kwa uamuzi uliotokea nje ya nchi. Ombi la kufungua upya mbele ya Bodi halisimamishi saa hiyo. Anayesubiri Bodi ijibu kwanza, akidhani mahakama itamngoja, huamka siku ya 40 akiomba kuongezewa muda pia huko.

Mahakama haisikilizi moja kwa moja. Kwanza unaomba ruhusa, na ruhusa ikikataliwa hakuna rufaa. Ikikubaliwa, jaji hatazami kama mumeo anastahili kuja Kanada. Anatazama kama uamuzi wa kufunga rufaa ulikuwa wa busara kisheria na kama utaratibu ulikuwa wa haki. Ukishinda, kwa kawaida kesi hurudi Bodi, kwa mwamuzi mwingine. Ada ya kufungua ni dola 50 za Kanada. Gharama yenyewe ni wakili.

Bodi ikikataa kufungua upya, kukataa huko nako ni uamuzi unaoweza kupelekwa mahakamani, na siku 15 zinaanza upya kwa uamuzi huo. Usiufanye kuwa mpango wako wa kwanza.

Nina amri ya kuondolewa nchini. Rufaa ikitelekezwa nakuwa nani?

Jibu hili si zuri na hakuna njia ya kulipamba. Mkaazi wa kudumu anayekata rufaa hubaki mkaazi wa kudumu wakati rufaa inaendelea, kwa sababu amri haijaanza nguvu. Rufaa inapofikia mwisho, amri inaanza nguvu, na kwa kifungu cha 46 ukaazi wa kudumu unapotea siku hiyo. Kutelekezwa ni mwisho kama mwisho mwingine. Mtu anaweza kupoteza hadhi aliyoishi nayo miaka 20 bila ya mwamuzi yeyote kusikia habari za watoto wake, kwa barua ambayo haikufunguliwa.

Kisha inategemea aina ya amri. Ya kuondoka inakupa siku 30 za kuondoka na kuthibitisha kuondoka kwako. Zikipita inageuka kuwa ya kufukuzwa, na aliyefukuzwa anahitaji idhini maalumu ili arudi, bila kikomo cha miaka.

Ombi la mahakamani dhidi ya Kitengo cha Rufaa halisimamishi kuondolewa kwenyewe. Unahitaji ombi jingine la zuio, na mahakama hutumia kipimo cha kesi ya Toth ya mwaka 1988: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, kutakuwa na madhara yasiyofidika, na mizani ya usumbufu inaelemea upande wako. Ombi la ukaazi kwa misingi ya utu na huruma halisimamishi kuondolewa pia, ingawa watu huambiwa mitaani kwamba linasimamisha.

Shirika la Mipaka likikuita, nenda, ikiwezekana na mwakilishi. Usipofika hutolewa hati ya kukamatwa, na baada ya hapo kila ombi utakaloandika litasomwa kama la mtu aliyekimbia.

Mimi ni mdhamini tu, hakuna anayefukuzwa. Si rahisi kuanza ombi jipya?

Wakati mwingine ndiyo, na ni vyema kusema hivyo. Kama mlikataliwa kwa sababu ushahidi wa ndoa ulikuwa mwembamba, na tangu hapo mmetembeleana, mmepata mtoto, mmetumiana fedha kwa miaka miwili, ombi jipya lililoandaliwa vizuri linaweza kufika kabla ya vita vya kufufua rufaa.

Lakini angalia mambo mawili kabla ya kuiacha rufaa ife. La kwanza ni umri wa watoto. Mtoto anahesabiwa mtegemezi akiwa chini ya miaka 22 na hana mwenza, na umri wake hufungwa siku ombi lilipopokelewa. Chukua mama aliyemdhamini mumewe pamoja na binti wa mume huyo, aliyekuwa na miaka 20 ombi lilipofika. Rufaa ikifaulu, binti bado anahesabiwa kwa umri wa siku ile, hata kama sasa ana 23. Ombi jipya linampima leo, naye anabaki nje. Kwa familia ya namna hiyo, rufaa iliyotelekezwa ndiyo ilikuwa njia pekee ya binti huyo kuingia pamoja na baba yake.

La pili ni wazazi na mababu. Kuwadhamini si jambo la kutuma fomu unapotaka. Lazima ualikwe kwanza, na mwaliko hauji kwa kuwa uliwahi kualikwa.

Uwezekano wa kukata rufaa tena ombi jipya likikataliwa upo, ila ukirudi na hoja zilezile na ushahidi uleule, upande wa Wizara unaweza kusema jambo hili lilishaamuliwa au unatumia utaratibu vibaya. Kesi ya Kaloti ya mwaka 2000 ndiyo inayotajwa mara kwa mara hapo. Ombi jipya liwe na kitu kipya.

Niko nje ya Kanada na rufaa yangu ni ya siku 730.

Sheria inataka siku 730 ndani ya Kanada katika kila miaka 5. Ukikata rufaa ukiwa nje, unabaki mkaazi wa kudumu mpaka uamuzi wa mwisho, na kama ulikanyaga Kanada walau mara moja ndani ya siku 365 kabla ya kuhojiwa, unaweza kupata hati ya kusafiria ya kurudi wakati rufaa inaendelea. Rufaa ikitelekezwa, vyote viwili vinakwisha pamoja.

Rufaa hizi hutelekezwa kwa urahisi kwa sababu ya ukimya, maana mrufani yuko mbali na barua zinakwenda kwa shemeji. Toa barua pepe unayoifungua wewe mwenyewe.

Ndugu yangu ana matatizo ya akili. Hakuelewa kabisa kwamba anatakiwa kujibu.

Soma hili kwa makini, maana hapa mlango wa kufungua upya ni mpana kuliko unavyodhani. Kifungu cha 167 kinaitaka Bodi imteulie mwakilishi mtu aliye chini ya miaka 18 au asiyeweza kuelewa kesi yake ni ya nini. Kama dalili zilikuwa mbele ya Bodi, kwa mfano ripoti ya hospitali kwenye faili au mwenendo wake kikaoni, na hakuna aliyeteuliwa, basi lalamiko ni juu ya utaratibu wa Bodi yenyewe. Ripoti ya daktari ieleze hali yake ilivyokuwa wakati ule barua zinatumwa. Hali yake ya leo haitoshi.

Rufaa yangu ilikubaliwa kwa masharti, kisha nikapata kosa jingine. Hii nayo ni kutelekezwa?

Hapana. Mtu ambaye amri yake ilisimamishwa kwa masharti kwa sababu ya uhalifu mkubwa, akapatikana na hatia nyingine ya uzito huohuo, rufaa yake inakoma yenyewe kwa kifungu cha 68. Maelezo ya kuchelewa hayana nafasi hapo. Tafuta wakili kabla ya kukiri kosa la jinai, si baada.

Nani anaruhusiwa kunisaidia kwa malipo?

Wanaoruhusiwa ni wanasheria walio kwenye chama cha jimbo, manotari wa jimbo la Quebec, na washauri waliosajiliwa na Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia. Kwa mbele ya Bodi, mshauri awe na daraja la leseni linalomruhusu kufika huko, maana si wote wanalo. Mahakama ya Shirikisho ni ya mawakili peke yao, au wewe mwenyewe. Majina yote hutafutwa kwenye orodha za umma mtandaoni, na kazi hiyo ni ya dakika tano.

Mzee wa kanisa, imamu au jirani anayejua Kiingereza anaweza kukusaidia bure kama msaidizi au mwakilishi asiyelipwa. Akianza kudai pesa, anavunja kifungu cha 91. Anayekutaka ulipe taslimu, usimtaje kwenye fomu, na barua zote ziende kwake, ndiye anayezalisha kesi za "sikupata barua". Msaada wa kisheria wa serikali hutofautiana jimbo kwa jimbo, na inafaa uulize siku ileile unayopokea barua, kwa sababu wao pia wana foleni.

Barua na ushahidi wangu ni kwa Kiswahili. Naweza kutuma hivyo?

Kila hati iwe kwa Kiingereza au Kifaransa, au iambatane na tafsiri na tamko la mfasiri lenye jina lake, lugha aliyotafsiri na kauli kwamba tafsiri ni sahihi. Hii ni pamoja na ujumbe wa simu na sauti za WhatsApp, ambazo huandikwa kwanza kisha kutafsiriwa. Mkalimani wa kikaoni hulipwa na Bodi, lakini umwombe mapema ukitaja lugha na lahaja. Kama siku zimebaki mbili na tafsiri haijaisha, tuma jibu lako kwa lugha ya Bodi, orodhesha hati zinazofuata, na uombe muda wa kuzileta kabla tarehe haijapita.